Nilimfunga Mwanangu Mikono

Nina miaka arubaini na minane, ni mjane, nakaa Mji wa Kale. Ndugu wasomaji, nichukieni mkitaka... mwenyewe najichukia!

Binti yangu Rukia ana miaka kumi na tisa. Tangu utotoni hamtazami mtu usoni, husema kwa kurudia maneno ya wengine, na kitu kikihamishwa mahali pake hulia mpaka sauti imkauke. Nilimwogesha, nikamvisha, nikamlisha kwa mkono wangu. Nikadhani hayo ndiyo mapenzi!

Mwaka ule vita vikuu vya dunia vilipokwisha nikalazwa hospitali miezi miwili. Mdogo wangu Mwanakombo akamchukua Rukia kwake Mbaraki.

Nilipotoka nikaenda kumfuata. Nikaona nini? Mwanangu yuko uani, mikono ya kanzu ameikunja, anateka maji kisimani! Kando pametandikwa jamvi, vitu vimepangwa mstari: kibiriti, seredani ya makaa, birika, kikombe. Akashika kimoja baada ya kimoja, akawasha moto, akapika chai, akanywa. Peke yake!

Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi niliona tu majirani wakichungulia. Sisi waungwana, binti yetu ateke maji mbele za watu?

"Mwanangu umemfanya mjakazi wako!" nikamfokea mdogo wangu.

"Dada, aweza. Muate afanye," akasema huku analia.

Nikamvuta Rukia hadi nyumbani. Kila alipopanga vitu vyake nilivitawanya, nikampiga mkononi: "Usiguse! Utajiunguza!" Akalia wiki nyingi... kisha akanyamaza, akakaa tu. Mwanakombo alikuja kubisha hodi mara tatu, sikumfungulia. Haukupita mwaka akafariki. Kiburi gani kile!

Mwezi uliopita niliteleza ngazini, nikavunjika mguu. Nililala sakafuni tangu asubuhi mpaka alasiri, koo limenikauka, na mtungi uko hatua mbili. Nikamlilia Rukia anipe maji.

Akaenda. Akanyoosha mkono kuishika kata ya kutekea maji... akaurudisha haraka, akauficha mgongoni.

"Usiguse!" akasema. "Usiguse! Utajiunguza!"

Ukali ule ulikuwa wangu. Sauti ile ilikuwa yangu!

Jirani aliyesikia kilio changu ndiye aliyeninywesha. Sasa kila asubuhi jirani huyo hunitandikia jamvi kama lile la Mwanakombo, akavipanga vitu mstari, na Rukia huvitazama tu, mikono nyuma.

Wazazi wenzangu, mlio na mtoto kama wangu, mwacheni amwage, avunje, ajifunze! Mnamwonea haya nani? Mimi nilimficha mbali na macho ya majirani... nikifa leo, ni nani kati yao atakayemwogesha?