Sauti ya Kuazima

Jua lilikuwa linazama wakati Sikio aliporudi kiwandani kufuata hotpoti lake la chakula.

"Umesahau nini tena?" mlinzi wa getini alimuuliza. "Iko siku utasahau kichwa humo ndani."

"Kichwa ninacho. Hotpoti ndilo sina, na nikiliacha mpaka kesho sisimizi watalihamia."

Mlinzi alicheka, akamfungulia. Walizoea kutaniana hivyo, lakini jioni hiyo Sikio hakuwa na moyo wa utani. Wiki nzima hakuwa na raha. Akikaa anasimama, akisimama hakumbuki alisimamia nini. Hata hilo hotpoti alilisahau kwa sababu alitoka mbio akielekea kwa mdogo wake, aliyekuwa akiishi mitaa ya nyuma ya kiwanda, na alilikumbuka akiwa ameshafika njiani.

Kiwanda kilitengeneza vipuri vya injini za misumeno ya mnyororo, ile ya kukatia miti. Kazi ya Sikio ilikuwa kusikiliza krenki, kile chuma kilichopinda kinachozungushwa na pistoni ndani ya injini. Aliitundika kwa uzi wa nailoni, akaigonga kwa kinyundo cha shaba, akatulia. Krenki nzima hulia ngiiiii, sauti nyembamba inayochelewa kuisha. Yenye ufa ndani, hata ikiwa inang'aa namna gani, hutoa tk, basi. Nzima aliitia nukta ya rangi ya kijani. Mbovu ilirudi kwenye tanuri. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, na pale kiwandani hakuna aliyejali tena wazazi wake walimwita nani.

Chumba chao cha kusikilizia kilikuwa na masharti. Watu wanyamaze, na krenki zitundikwe mbalimbali kwenye fito. Ukizisogeza karibu, ile mbovu hudaka mtetemo wa jirani yake, zikalia pamoja, na hapo hata malaika hatajua ipi ni ipi. Wenyewe waliiita sauti ya kuazima.

Sasa msimamizi wao, waliyempachika jina la Fasta, alikuwa mtu wa haraka hata kwenye kunywa chai. Ilipoingia oda kubwa alizijaza zile fito mpaka krenki zikakaribia kugusana. Sikio alilalamika. Fasta akamwambia sikio kama lake halidanganyiki, na maneno hayo, ukweli usemwe, yalimvimbisha kichwa. Akawa anagonga na kupaka kijani, anagonga na kupaka kijani. Mbaya zaidi, mdogo wake alikuwa mkata miti na krenki ya msumeno wake ilikuwa imechakaa. Sikio akamwombea moja kutoka fungu lilelile, akampelekea kwa mkono wake mwenyewe, na maringo juu.

Kuanzia hapo usingizi ukamhama. Na sasa kesho mdogo wake alitakiwa kuingia msituni kuanza miti mikubwa. Sikio alikuwa ameshaamua: leo anakwenda kuichukua ile krenki, akasirike asikasirike.

Ukumbi wa mashine ulikuwa kimya. Harufu ya chuma cha moto ilikuwa bado haijatoka. Alipita katikati ya mashine zilizozimwa, akakata kona ya chumba chake.

Ngiiiii...

Alisimama.

Kuna mtu alikuwa anagonga krenki. Taa ilikuwa imezimwa.

"Nani hapo?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Mteja."

Mwanamume mmoja alikuwa amesimama kwenye kona ya mwisho, ambako mwanga wa dirisha ulikuwa haufiki vizuri. Mabega yake yalikuwa na unga mweupe. Kilichomshangaza Sikio ni harufu. Mbao mbichi... na petroli iliyochanganywa na oili. Harufu ya nguo za mdogo wake akirudi kazini.

"Kiwanda kimefungwa, bwana. Nani kakuruhusu?"

"Nimekuletea chuma chako."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na nusu ya krenki, imekatika vibaya, na pembeni yake nukta ya kijani. Sikio aliijua nukta yake. Alikuwa na tabia ya kuisukuma kidogo kwa kidole gumba, na alama ya kidole ilikuwepo.

Yule mtu aliitundika ile nusu kwenye fito, jirani kabisa na krenki nzima. Akachukua kinyundo, akaigonga ile nzima.

Ngiiiii...

Zikalia zote mbili.

"Unasikia?" alinong'ona. "Nzima."

"Sio nzima," Sikio alisema. "Imeazima sauti tu. Ilikatikia wapi?"

"Kwenye mti. Nusu ya shina nimeshakata, injini ikashika, msumeno ukabanwa. Nikawa nauvuta. Mti haukunisubiri."

"Lakini wewe ni mzima?"

"Nikiwa karibu na mzima."

Sikio hakuelewa. Alitaka kuuliza, akakaa kimya. Na katika ule ukimya aliona midomo ya yule mtu inacheza. Alikuwa anaendelea kuongea. Midomo inafunguka, inafunga, shingo inatikisika.

Hakuna sauti.

"Unasema nini?" alinong'ona.

"...mwenzangu ananifuata," sauti ilirudi, kana kwamba haikuwahi kukatika. "Kutoka fungu lilelile."

Sikio akanyamaza tena, safari hii kwa kusudi. Midomo ikacheza. Kimya kilekile. Ndipo akatambua, kwa kuwa hii ilikuwa kazi yake na aliijua kuliko kitu chochote duniani. Yule mtu hakuwa na sauti. Alikuwa anaazima ya kwake.

Sikio alikimbia. Hotpoti lilibaki.

Getini mlinzi alimshika mkono asianguke. "Vipi? Ulikuwa unaongea na nani kule?"

"Umeingiza mtu?"

"Sijaingiza mtu. Ila nimesikia sauti mbili." Mlinzi alichungulia ndani. "Zote mbili zako."

Sikio hakusubiri zaidi.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi ya baraza, kichwa ameinamisha, na moyo wa Sikio ukarudi mahali pake. Alikuwa amefika kabla ya kesho. Hayo mengine ya kiwandani atayafikiria baadaye.

"Afadhali nimekukuta, mdogo wangu. Nimekimbia mpaka kifua kinauma."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wifi yuko wapi?"

"Katoka."

"Nisikilize na usinibishie. Ile krenki niliyokupa siiamini. Nilikosea, zilitundikwa karibu karibu na mimi nikapitisha. Kesho huendi nayo popote. Fungua msumeno sasa hivi nikiwa nakuangalia."

"Imeshatoka," alisema mdogo wake, akamsogezea kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Kazi walituwahisha. Leo asubuhi."

"Na msumeno?"

"Nimeuacha huko."

Sikio alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Basi ilimharibikia tu, akaitoa, akarudi nyumbani salama. Alimgombeza kidogo, akamwita kichwa ngumu, naye akamjibu kila neno kwa upole ambao kwa kawaida hakuwa nao. Mkono wa Sikio uliona krenki ni nyepesi kuliko inavyopaswa kuwa. Lakini alikuwa na furaha, na gizani mtu haoni vizuri. Mfukoni hakukosa uzi na kinyundo chake. Akaitundika kwenye msumari wa mlango, mbali na kila kitu, kama inavyotakiwa.

"Sasa nyamaza kidogo nisikilize."

Akagonga.

Tk.

Mbovu. Mbovu kabisa, na imeshatoka kwenye msumeno, haitamuua mtu. Machozi ya shukrani yalimlenga. Alitulia hapo, mkono kwenye kile chuma, akakipapasa taratibu mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa karibu mno. Ulikuwa na makali.

Ilikuwa nusu.

Alisikia harufu ya mbao mbichi.

Akageuka polepole. Mdogo wake alikuwa amenyanyua uso, anamtazama. Mabegani alikuwa na unga mweupe. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaongea... anaongea kwa bidii, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Kimya.

Simu ilitetemeka mfukoni. Aliipokea bila kuitazama, macho hayatoki kwa mdogo wake.

"Haloo?"

"...usini..." ilisikika kutoka kwenye ngazi, ikakatika pamoja na neno lake.

Simuni alikuwa wifi yake, na alikuwa analia. "Wifi, uko wapi? Tangu alasiri nakupigia, hupatikani. Tuko hospitali. Mti, wifi... mti umemwangukia. Wametuambia tusisubiri tena, amekwisha."

"Nani?" Sikio aliuliza, ingawa alijua.

"...nyamazie, dada..."

Simu ilimponyoka. Wifi yake aliendelea kuita kutoka sakafuni, sauti ndogo iliyo mbali. Sikio alitazama ile midomo inayohangaika. Hofu ilikuwepo, kubwa, lakini uchungu ulikuja ukaipita. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Huyu ndiye aliyempelekea krenki kwa maringo. Akakaa ngazi ya pili, karibu, magoti yakikaribia kugusana.

Akaanza kuongea.

Aliongea lolote lililomjia. Siku walipoiba sukari wakamsingizia paka. Ndala moja waliyogombania. Na katika kila neno lake kulikuwa na neno la pili chini yake, likicheka pale alipocheka. Majirani wanasema walisikia mazungumzo barazani mpaka kulipokucha, na mmoja anaapa kwamba alichungulia akamwona mwanamke peke yake.

Kiwandani baadaye walikuja watu na mafaili, wakauliza kuhusu fungu lile na kuhusu mkata miti mwingine, wa mbali, aliyetangulia kufa kwa namna ileile. Krenki sasa hutundikwa mbalimbali, na Fasta mwenyewe hupita na futi kupima nafasi. Kuhusu nani alikuwa chumbani jioni ile, hawakuuliza. Hotpoti lilikutwa chini ya meza, na kifuniko chake kilikuwa kimejaa unga wa mbao, bado mbichi.

Sikio hasikilizi tena krenki. Chumba kile kinataka ukimya, na yeye hanyamazi. Hata siku ya mazishi aliongea tangu nyumbani mpaka kaburini, mama yake akimshika mikono akimbembeleza apumzike.

"Nikinyamaza, mama," alimjibu, "na yeye atanyamaza."

Siku hizi yuko idara ya kufungasha, anaongea na maboksi. Wenzake wamezoea, wanasema ni majonzi, yataisha. Lakini mlinzi wa getini hamtanii tena. Akimwona anakuja, anafungua geti mapema na kufumba mdomo mpaka amalize kupita.

Asubuhi moja mlinzi alijisahau, akamsalimia. Salamu yake ikatoka na nyingine chini yake.