Fainali Imeangukia Siku ya Harusi

"Merv, nani kashinda?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Kengele si imeshalia?"

Ilikuwa Septemba 1953. Merv Tranter alikuwa ameketi kwenye nyasi za uwanja wa Wandarra, tope hadi masikioni. Miaka kumi na miwili ameuchezea mji huu bila kushika kombe, na mkwaju wake wa mwisho ukagonga nguzo. Katika mpira huu wa Australia, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, ukigonga nguzo unapata pointi moja tu. Pointi hiyo ndiyo ikafanya timu zilingane.

"Fainali ikiwa sare inarudiwa," alisema, macho chini. "Jumamosi ijayo, saa nane."

Noreen Costigan alimkodolea macho mchumba wake.

"Jumamosi ijayo saa nane wewe unanioa mimi!"

Walijipangia wenyewe: harusi wiki moja baada ya fainali, ili wasigombanie tarehe na mpira. Sare hakuna aliyeiwaza.

"Chagua, Merv."

Noreen akaondoka bila kuaga.

Jumatano simu ikalia kwa kina Costigan.

"Noreen? Nimemwambia kocha asiniandike. Nitakuwa kanisani."

Noreen alitaka achaguliwe, amechaguliwa, na sasa roho inamuuma yeye.

"Unalia?"

"Nakupenda, mjinga wewe! Kata simu, nimpigie padri."

"Usihangaike, mwanangu," sauti ya tatu ikaingia. Alikuwa Bi Thelma wa posta, anayeunganisha simu za mji mzima na kuzisikiliza zote. "Padri ninaye hapa kwenye laini nyingine."

"Bi Thelma! Huna hata haya?"

"Sina. Haya, ongea naye."

"Baba Padri, tunaweza kufunga ndoa saa tatu asubuhi?"

"Mungu akubariki, binti! Hiyo saa nane ningemfungisha nani, na mimi mwenyewe nitakuwa nyuma ya goli?"

Jumamosi saa tatu wakafunga ndoa, na kocha akamwandika Merv tena. Saa nane kanisa zima likahamia uwanjani, bibi harusi akiwa mbele kabisa na shela lake, akimzomea refa kuliko wanaume wote.

Dakika ya mwisho Wandarra walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Merv akaruka juu ya mabega ya beki, akaudaka mpira, akapiga. Goli! Pointi sita, na kengele ikalia.

Noreen akapanda uzio.

"Mke wangu, gauni hilo! Nimejaa tope!" Merv alipiga kelele huku akirudi nyuma.

"Limeshamaliza kazi yake asubuhi," alisema Noreen, akamrukia.