Mbona Mimi Sisikii Kitu?

Jua lilikuwa linazama, Injinia anafunga geti la gereji. Injinia kwa jina tu: cheti hana, mdomo anao. Wenye digrii zao walimletea siivii za kuomba kazi, akafutia mikono oili.

Nje ya geti alisimama mama mmoja. Mamake yule mkunga, mteja wake.

Mkunga aliyezikwa juzi. Gari lilimzimikia mlimani, likarudi kinyumenyume, lori likalipanda.

"Shikamoo, mama. Pole sana..."

"Cheni ya injini. Uliibadilisha?"

Hakuibadilisha. Mkunga alilalamika kwamba kila alfajiri, gari likiwa baridi, injini inakwaruza, krrr-krrr, halafu inanyamaza. Injinia alijua. Kikazio cha cheni kimekwisha, cheni imelegea. Cheni ya hivyo huruka jino la gia. Ikiruka meno matatu, injini inakufa papo hapo. Yeye akamwaga oili mpya tu, na siku ya kulichukua akaliwasha nusu saa kabla mwenyewe hajafika. Injini ya moto hailalamiki.

"Mbona mimi sisikii kitu, dada?" alimwambia, meno yote nje.

Sasa akaweka mkono kifuani. "Haki ya nani, mama, niliibadilisha. Kama nadanganya, inililie mimi!"

Harufu ya oili iliyoungua ikapita... wala hakuna gari lililokuwa linawaka.

"Haya, baba," mama akanong'ona. "Ikulilie."

Alfajiri Injinia akafumbua macho.

Krrr... krrr... krrr...

Mkewe akaruka kitandani. "Baba Mapacha! Ni kifua chako hicho?"

Pumzi tatu. Kimya.

Saa nne, hospitalini, daktari akampima. "Moyo safi kabisa, mzee. Nenda kazini."

Kesho yake, pumzi kumi. Wiki iliyofuata, mpaka chai ikapoa mezani.

Akamkimbilia yule mama, jasho linamchuruzika. Akapiga magoti. "Sikuibadilisha, mama! Nitolee hiki kitu!"

Mama akainama. Akaweka sikio kwenye kile kifua cha moto. Akasikiliza... akasikiliza...

"Mbona mimi sisikii kitu, baba?"

Tangu hapo Injinia halali. Anaizunguka gereji, makoti mawili juani, harudi nyumbani, hakai. Anaogopa kupoa.

Jana mkewe alimletea chakula, akamkuta amesinzia kitini. Dakika tano tu.

Akasikia kifuani mwa mumewe: tak.

Jino moja.

Bado mawili.