Maelezo Niliyoyafuta

Kila asubuhi nikienda shule hapa Malaba, nilihesabu malori kutoka kituo cha mafuta hadi geti la forodha. Kisha nilipita kwa Mama Everline, anayewapikia madereva wa foleni, nikamtajia idadi. Aliiandika kwenye simu yake, na programu ikamwambia apike maharagwe kiasi gani.

Programu hiyo tuliitunga mimi na Everline, bintiye, rafiki yangu wa tangu chekechea. Ilikuwa na mistari ishirini, na juu ya kila mstari Everline aliandika maelezo ya kazi yake. Mimi nilijiona bingwa. Kabla ya maonyesho ya shule niliyafuta maelezo yote, nikaibana programu ikawa mstari mmoja wa herufi na alama.

"Na mama akitaka ibadilishwe?" Everline aliuliza.

"Si tupo?" nilimjibu.

Kweli, sisi wawili tuliusoma mstari ule bila shida yoyote. Lakini mwezi wa Aprili Everline alishikwa na malaria kali, na wiki haikuisha kabla hatujamzika kijijini kwao, Amukura. Moyo wangu ulivunjika, na bado haujapona.

Juni, malori matupu yalihamishiwa barabara nyingine. Yaliyobaki yana mizigo, hukaa kutwa, na madereva wake hula mara mbili. Chakula kikawa kinaisha mapema.

"Asio, wateja wananihama," Mama Everline aliniambia. "Nitengenezee hii kitu ya mwenzako."

Niliukodolea macho mstari ule. Hiyo herufi k iliyokuwa katikati yake ilisimamia nini? Nilikuwa nimesahau, na wa kumuuliza hayupo. Nililia, kisha nikamweleza Mwalimu Okwara nilichofanya. Akanisindikiza kwa Mama Everline.

"Mama, ile simu ya Everline iko?" aliuliza kwa upole.

Mama aliitoa sandukuni. Hakuwa ameiwasha tangu mazishi. Ndani tulikuta programu ya kwanza, na maelezo yote. Juu ya k palikuwa pameandikwa: "Sahani anazokula dereva mmoja. Asio, ukisahau niulize."

Nilimsomea Mama. Alijifunika uso kwa leso, tukalia pamoja. Kisha nikaibadilisha k kutoka moja ikawa mbili, na kesho yake chakula kilitosha.

"Kuandika kwa ufupi si kosa," Mwalimu aliniambia. "Nyinyi wawili mlielewana kwa herufi moja. Lakini kazi inayotumiwa na wengine, iachie maneno ya kuieleza. Hakuna ajuaye nani atakuwepo kesho."

Maelezo ya Everline sijayagusa tena. Chini yake nimeongeza yangu: "Nilisahau, Everline. Nimekuuliza."