Taa Zote kwa Mpigo Mmoja

Kila asubuhi ya likizo, Kiherehere alibeba chupa ya chai na kumfuata mama yake kazini. Jina hilo alibandikwa na bibi yake alipokuwa na miaka minne, baada ya kuifungua redio nzima ili aone mtangazaji amekaa wapi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alisoma shule ya bweni, na kwa masikitiko makubwa ni lazima isemwe kwamba jina bado lilimkaa sawasawa.

Mama yake alikuwa fundi umeme. Wiki hiyo alikuwa anamalizia taa za duka jipya la viatu, akisaidiwa na kijana mrefu, mwembamba, aliyeitwa Msumari. Taa zenyewe zilikuwa ndogo kama vifuniko vya soda, na hazikuweza kupokea umeme mkali wa ukutani. Zililishwa na transfoma nne, mashine za kupunguza nguvu ya umeme, kila moja na kundi lake la taa.

Katika chumba cha nyuma kulikuwa na boksi la chuma lenye kontakta nne. Kontakta, mama alikuwa amemweleza, ni swichi inayovutwa na sumaku badala ya kubonyezwa na kidole. Mtu akiwasha swichi ndogo ya mlangoni, ya kwanza hulia tak na kupeleka umeme kwenye transfoma yake. Baada ya sekunde mbili hulia ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Hizo tatu za nyuma zilicheleweshwa na taima, kila taima na kirungu chake kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi.

Kiherehere alizitazama taa zikiwaka kundi baada ya kundi, akaona aibu kwa niaba ya duka. Ziliamka kwa kujikongoja, kama wanafunzi wa bweni asubuhi ya Jumatatu. Duka la fahari namna ile, alijiambia, lilistahili kuwaka lote kwa mpigo mmoja.

Alhamisi alasiri mama alitoka kununua waya, na Msumari akaenda kula. Ufunguo wa boksi ulibaki pale pale kwenye kitasa. Kiherehere akafungua, akashika bisibisi, akarudisha taima zote tatu kwenye sifuri. Kisha akamwita mlinzi wa duka ashuhudie historia, akawasha. Tak! Duka zima likawaka. Mlinzi alivua kofia, naye Kiherehere akainama kwa taadhima kama mheshimiwa jukwaani. Alikusudia kweli kurudisha taima zilivyokuwa, lakini Msumari alirudi mapema, na boksi likafungwa haraka haraka.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mkaguzi. Angefika saa nane mchana, na bila saini yake duka lisingefunguliwa. Saa tatu asubuhi mama alisimama kando ya boksi, Msumari akawasha kule mlangoni. Ulisikika mlio mmoja tu, na papo hapo breka, ile swichi ya usalama inayokata umeme ikihisi hatari, ikaruka. Giza. Wakajaribu mara tatu, na mara tatu breka ikaruka.

Mama alifikiri kwa makini, kama fundi yeyote mzuri. Kontakta ya kwanza imelia, ya pili haikuwahi kulia. Basi hitilafu iko katika kundi la kwanza, lazima kuna nyaya zilizogusana huko darini. Na kundi la kwanza lilikuwa limeungwa na Msumari.

Msumari aliapa kwamba alikaza kila skrubu. Mama, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, alisema dari mpya itabidi ibomolewe, na kazi ijayo atatafuta msaidizi mwingine. Msumari alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Alichukua nyundo, akapanda ngazi.

Kiherehere akaiweka chini chupa ya chai. Sheria ya kwanza ya bweni, iliyopitishwa kwa kauli moja na vizazi vyote vya watundu, inasema mtu hajitaji mwenyewe. Lakini sheria hiyo haikusema lolote kuhusu mtu mwingine kupanda ngazi na nyundo kwa sababu yako. Akamwendea mama, mama akamwambia asimzonge. Akamwendea tena, akatumwa ufagio. Basi akaenda kuishika ngazi kwa mikono miwili.

"Kaka Msumari, usipige."

"Niache, mdogo wangu. Siku yangu imeshaharibika, usiiongezee."

"Mama, si yeye. Ni mimi. Jana nilifungua boksi nikaweka taima zote kwenye sifuri."

Mama aligeuka taratibu. Hakuuliza kwa nini.

"Ulipoingiza bisibisi humo ndani, ulikuwa umezima swichi kubwa ya kukata umeme wote?"

"Hapana."

Mama akamshika mikono, akaikagua kidole kwa kidole kama mtu anayetafuta alama ya kuungua.

Kisha akaeleza. Transfoma ikiamka hubugia umeme mwingi mno kwa kufumba na kufumbua, kisha hutulia. Nne zikiamka pamoja ni kama shule nzima kuukimbilia mlango wa jikoni: breka hudhani kuna ajali, ikafunga mlango. Kiherehere alinong'ona kwamba jana ziliwaka vizuri.

"Mara nyingine hupita kwa bahati," mama alisema. "Bahati si fundi." Kisha akamtazama kijana pale juu ya ngazi. "Msumari, nisamehe. Nilisikia milio minne iliyoungana nikadhani ni mmoja, nikakuhukumu kabla ya kupima. Na ufunguo niliuacha mwenyewe."

"Yameisha, mama," Msumari alisema akishuka. "Nilikuwa naitunga hotuba ya kumpa mke wangu. Ilikuwa tamu sana, inasikitisha imekosa kazi."

Mama alizima swichi kubwa, akapima kwa testa kuhakikisha umeme umekatika, kisha akarudisha taima moja baada ya nyingine. Saa nane mkaguzi aliwasha mwenyewe, mara tano. Kila mara taa ziliamka kundi kwa kundi, bila papara, na breka haikushtuka. Akatia saini.

Wakikusanya vifaa, mama alimwita mwanawe.

"Kosa likikosa mwenyewe halipotei. Humtafuta mtu wa karibu na kumkalia mabegani. Leo lilikuwa limeshampanda Msumari, nawe umelishusha. Kwa hilo nakushukuru. Lakini kesho usiniache nitegemee ukweli wako peke yake, mwanangu. Mimi naweza kungoja mpaka uungame. Umeme haungoji."

"Ndiyo, mama," alisema Kiherehere, akaenda kulifunga boksi kwa ufunguo, akauleta na kuuweka mkononi mwa mama.