Ukuta wa Mzee Nzuki

Kanyiva alikutana na Kyule kwenye yadi ya chuma chakavu pale Emali, siku ya soko, mbuzi wakilia kila upande na malori yakipiga honi barabarani. Alikuwa amepeleka cherehani iliyokufa. Mbele yake kijana mrefu, shati jeupe limejaa kutu, alikuwa amekumbatia kengele ya stesheni kama mtoto mchanga.

"Hii haiyeyushwi!" alimwambia mwenye yadi. "Hii ni historia ya reli!"

"Si umwuzie tu," Kanyiva akadakia. "Huoni ameshaioa?"

Yadi nzima ikacheka. Kijana akageuka, akaliona rinda la kitenge cha manjano na macho yenye utundu.

"Huyu wa chuma hajui kupika," akajibu. "Nafasi bado iko."

Kyule alitoka Mwingi, ambako reli haijawahi kufika. Labda ndiyo maana aliipenda hivyo. Kikundi cha wenyeji kilikuwa kimepata jengo la stesheni kuukuu walifanye makumbusho, naye ndiye aliyeajiriwa kulipanga. Kila jioni Kanyiva alifunga duka lake la ushonaji, akaenda kumsaidia kusugua taa na kupaka kuta rangi. Mchana walipigiana simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, umekula misumari?"

"Nimekula ugali mkavu. Sauti yako ndiyo mboga."

Siku moja Kanyiva akampa picha ya babu yake, Nzuki, mlinzi wa njia ya reli aliyekufa katika ajali ya treni.

"Watu husema alilala kazini," akasema. "Mama amekua na aibu hiyo. Tafuta ukweli, Kyule."

"Niachie mimi. Siku ya kufungua utajionea mwenyewe."

Siku hiyo mama yake Kanyiva, Kaveke, alikuja na akina mama wa kanisa, amevaa rinda jipya aliloshonewa na bintiye. Umati ulijaa hadi mlangoni. Chini ya picha ya Nzuki mtu akasoma kwa sauti: "Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Nzuki alilala kazini."

Kaveke akajifunika mdomo kwa leso, akatoka.

"Umemwita mama yangu hapa umwaibishe?" Kanyiva alifoka.

"Ngoja, njoo usome huku..."

"Nimesoma ya kutosha! Usinipigie tena."

Kyule alimpigia, Kanyiva akamfungia namba. Kyule akamngoja nje ya kanisa. Yeye akapitia mlango wa nyuma. Mwishowe Kanyiva akahamia kwa shangazi yake Kikima, akafungua duka huko.

Mwaka ulikuwa umepita mwalimu Ndunge alipoleta kitambaa cha kushonwa.

"Kumbe wewe ni mjukuu wa yule shujaa wa Emali? Nilipeleka wanafunzi, wakarudi wakimwimba."

Kanyiva akaacha mkasi mezani. Kesho yake alikuwa Emali, ndani ya makumbusho, peke yake. Maandishi yaliendelea upande wa pili wa picha, pale umati ulipokuwa umepaziba: "Si kweli. Mvua ilikuwa imebeba tuta la reli. Nzuki alionekana akikimbia kuielekea treni, taa mkononi, akijaribu kuisimamisha." Aliyeona ni mzee Musembi, mfanyakazi wa treni ile, ambaye Kyule alikuwa amemtafuta hadi Mtito Andei.

Akatoka nje, akapiga simu.

"Kyule, nimesoma yote."

"Mama amesoma?"

"Bado. Kyule, nisamehe. Tuanze tena."

"Nilikusamehe kitambo. Na mimi nilikosea kukuficha, nilitaka ufurahi ghafla." Akashusha pumzi. "Lakini nilikungoja nikachoka. Wazee wetu wameshapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa posa, kwa kina Ndila, msichana ninayemwoa, na wamepokelewa. Ndila hana kosa."

"Hana," Kanyiva akasema, machozi yakimtiririka. "Mtunze."

Jumapili, baada ya ibada, alimleta mama yake. Kaveke alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akarudia, kisha akalia bila kujificha.

"Na huyu kijana aliyeandika yuko wapi," akauliza, "nimpe mkono?"

"Ameoa, mama," Kanyiva akajibu, ingawa harusi ilikuwa bado.