Ujumbe wa Baba Mitchel

Kila asubuhi kabla sijaenda shuleni, nilimkuta Baba na jirani yetu Osiako wameketi nyuma ya jiko, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya rangi, wakipiga miluzi. Usicheke. Walikuwa wanasoma. Osiako alipiga mluzi mmoja mrefu, kisha akamwuliza Baba ni ndege gani huyo.

"Hondohondo," Baba alijibu siku moja.

"Aa, Were! Hondohondo hulianga hivyo? Huyo ni shorobo, yule mkubwa wa buluu. Ukimwambia mgeni hivyo, atarudi kwao na uongo."

Wawili hao walikata miwa miaka kumi na minne katika kundi moja, huku kwetu karibu na Buyangu. Kisha kiwanda cha sukari kikapunguza wakataji, na mapanga yao yakabaki yamechomekwa kwenye paa. Msimu mzima walihangaika na vibarua vya hapa na pale. Ndipo ofisi ya msitu ikatangaza kwamba inatafuta mtu mmoja wa kuwatembeza wageni msituni, mtu anayejua ndege na miti. Wote wawili walituma maombi. Kwa kuwa simu ya Osiako ilikuwa imeharibika, kwenye fomu yake aliandika namba ya Baba.

Mimi niliamua kwamba kazi hiyo ni ya Baba. Kichwani mwangu alikuwa amekwisha kuvaa sare ya kijani na viatu vya buti, na watu wote wa Gredi ya Saba walikuwa wamemwona.

Sasa niseme ukweli kuhusu Mitchel, binti ya Osiako. Alikuwa rafiki yangu na mwanafunzi mwenzangu, nami nilimwonea wivu sana. Mwandiko wake ulibandikwa ukutani sote tuuige. Akikohoa, mwalimu humwuliza kama amekunywa maji; nikikohoa mimi, naambiwa nimezidi kelele. Hata nywele zake zilikubali kila msuko, ilhali zangu zilifumuka kabla ya Jumatano. Yeye mwenyewe hakuwahi kunikosea. Aliniazima rula, akanigawia mahindi ya kuchoma, na jambo hilo lilizidi kuniudhi. Mama husema hasidi hana sababu. Nilidhani anawasema watu wengine.

Jumatano moja, nilipotoka shuleni, Baba alinituma dukani kuchukua simu aliyokuwa ameipeleka kuchajiwa. Niliiwasha njiani, na papo hapo ikalia. Ujumbe! Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikaufungua.

"Osiako, umechaguliwa kufanyiwa usaili. Fika kwenye geti la msitu, Buyangu, kesho Alhamisi saa mbili asubuhi. Njoo na kitambulisho. Kageha, ofisi ya msitu."

Nilitafuta ujumbe mwingine, wa Baba. Haukuwepo. Nilisoma tena lile jina, kana kwamba lingebadilika nikilikodolea macho. Halikubadilika. Nikamwona Mitchel amesimama mbele ya darasa akieleza kazi mpya ya baba yake, na mwalimu akimpigia makofi. Hata hili nalo? Kila kitu kizuri ni lazima kiende kwao?

Niliufuta. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili tu. Baba alipoipokea simu aliniuliza kama kuna chochote, nami nikamwambia hakuna.

Jioni hiyo, tulipokuwa tukila ugali, Osiako aliingia na Mitchel.

"Karibuni obusuma," Mama aliwaambia.

"Asante, Mama Ayuma, tumeshakula. Were, hakuna neno kutoka msituni?"

"Hakuna," Baba alijibu.

Osiako alitikisa kichwa. "Basi, mimi wamenikataa. Kesho alfajiri naenda Chekalini. Huko wanatafuta watu wa kuvuna mahindi. Nitakaa huko mpaka msimu uishe." Kisha akatoa daftari mfukoni. Kurasa zake zilikuwa zimechakaa kwa kufunuliwa. "Hili nakuachia. Ndege wote wako humu. Pengine watakuita wewe, na yule hondohondo bado anakusumbua."

Mitchel aliinamisha kichwa. Alikuwa anajizuia kulia kwa sababu baba yake anaondoka. Nilikuwa nimetaka kumwona Mitchel akikosa kitu, na sasa nilikuwa nimepata. Nikarudisha tonge kwenye sahani.

"Baba," nilisema, "ujumbe ulikuja."

Baba alinigeukia.

"Ujumbe wa nani?" Baba aliuliza.

"Wa Baba Mitchel. Kesho saa mbili asubuhi, kwenye geti. Nimeufuta."

"Simama," Baba alisema polepole. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye, na umweleze kwa nini."

Nilisimama nikamweleza Osiako yote, hata habari za nywele. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Osiako alinitazama kwa hasira bila kuificha.

"Ayuma, wewe ambaye nakuitanga binti yangu? Ningekuwa Chekalini saa hizo!" Akamshika Mitchel mkono, wakatoka. Mitchel hakugeuka.

Baba hakunipiga. Aliniketisha, akaniambia jambo ambalo sikulijua.

"Mwaka uliozaliwa, nilishikwa na malaria katikati ya shamba. Kila mkataji alikuwa na mistari yake ya miwa, na ukishindwa kuimaliza, nyapara anakufuta kwenye kundi. Osiako alimaliza yake. Badala ya kwenda kupumzika, alizunguka akaanza yangu kutoka mwisho ule mwingine, tukakutana katikati. Nyapara aliandika kwamba Were amemaliza. Huyo ndiye uliyemfungia mlango."

Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Asubuhi Baba alimwazima Osiako shati lake la kanisani na kumsindikiza mpaka getini. Shuleni, Mitchel alihamia dawati la nyuma.

Osiako aliipata kazi. Ndege wote aliwatambua kwa sauti, lakini kwenye miti alikwama. Bi Kageha alipomwonyesha mti wa nne, Osiako alisema, "Hapo nimefika mwisho, madam. Anayejua miti kuliko mimi ni jirani yangu Were. Hata mti wa mwiritsa anaujua kwa harufu ya ganda." Bi Kageha aliliandika jina hilo. Wiki tatu baadaye kitalu cha miche kilihitaji mtunzaji, na Osiako akaja mwenyewe kumwita Baba.

Siku ya kwanza ya kazi, Baba alirudi na udongo mweusi kwenye kucha na tabasamu usoni.

"Kwa hiyo Baba, yote yameisha vizuri," nilimwambia.

Tabasamu likapungua. "Na kama mimi nisingeitwa, yangekuwa yameisha vibaya?"

Aliketi akaanza kusugua kucha zake.

"Kazi yangu si malipo ya kukiri kwako, Ayuma. Ulikiri kwa sababu ilikuwa haki ya mtu. Kazi ikiisha, mtu anaweza kujifunza nyingine, hata na mvi kichwani. Mimi na Osiako tumejifunza. Lakini huwezi kujifunza la maana huku umekodolea macho sahani ya mwenzako. Wivu haukupi alicho nacho. Unakunyima tu jirani. Siku utakayofurahia bahati ya mtu wakati wewe hujapata kitu, hapo nitajua umepona."

Nilivuka ua hadi kwa Osiako. Mitchel alikuwa akiosha vyombo. Hatukuwa tumesemezana tangu Jumatano ile.

"Hongera kwa kazi ya baba yako," nilimwambia. "Nilipaswa kuja kukupa habari mbio siku ile."

Alinitazama, mikono ikidondosha povu. Kisha akasogea kidogo, nami nikapata nafasi kwenye beseni.